Kona ya Namba Tatu

Tonose, 3 Oktoba 1986

Mheshimiwa Mzee Kanezaka,

Salamu nyingi. Hatujuani, na najua kumwandikia mtu mzima bila kutambulishwa ni utovu wa adabu. Bosi wangu, Bwana Oguri, ndiye aliyenipa anwani yako. Anasema wote walioijua stesheni ya Tonose vizuri wameshatangulia mbele ya haki, umebaki wewe tu.

Naitwa Hirasawa Chizuru, nina miaka ishirini na minane, na kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Kampuni ya reli inataka kuikarabati stesheni, na kabla mafundi hawajagusa tofali natakiwa niichore yote, kuanzia msingi hadi saa ya juu ya paa. Mwezi mzima nimezunguka na futi ya kupimia, hadi vyoo vya wanaume nimeingia, nikipiga hodi kwanza. Kina mama wanaouza vyakula jukwaa la kwanza wameshanibatiza Bibi Sentimita.

Sehemu kubwa nimeimaliza. Nimechora ukumbi wa mbele wenye kuba, na mabawa yake mawili, la mashariki walikopita abiria wa daraja la kwanza na la magharibi walikopita watu wa kawaida. Nimechora pia njia ya chini inayopita chini ya reli, na ngazi za kupandia majukwaani. Hizo ngazi ndizo zinazonitesa. Kuna jukwaa la kwanza, la pili, la nne na la tano. La tatu halipo. Kila siku naona mgeni amesimama na mzigo wake, anahesabu kwa vidole, anarudia kuhesabu.

Si hilo tu. Nikipima njia ya chini kwa ndani napata mita sitini na nne. Nikipima kwa juu, napata sabini na moja. Nimerudia mara nne, na mimi sikosei mita saba. Mwisho wa njia kuna ukuta wa matofali mapya kuliko mengine, na ukiugonga unalia kama mtungi mtupu.

Tarehe 28 Novemba mafundi watatoboa ukuta huo na kumimina zege nyuma yake. Taratibu zinataka mtu aliyefanya kazi humo athibitishe kwa muhuri wake kuwa nyuma ya ukuta hamna kitu wala mtu. Karatasi nimeiambatanisha. Naomba uipige muhuri, na kama una nguvu ya kuandika, nisimulie yaliyolipata jukwaa la tatu.

Wako katika kazi,
Hirasawa Chizuru

*

Oshigawa, 9 Oktoba 1986

Binti Hirasawa,

Huku milimani baridi imeanza kuuma, na figili zangu nimeshazitundika chini ya upenu zikauke. Barua yako nimeipata. Umepima mara nne? Enzi zetu fundi aliyepima mara nne aliambiwa arudi kwao akalime.

Nakutania. Mtu mpweke akipata barua hutania.

Stesheni yako ilijengwa mwaka 1911. Aliyeichora alikuwa mtu wa hapo hapo Tonose aliyesomea ng'ambo, akarudi na hilo kuba lake, watu wa mjini wakacheka kwamba ni chungu cha wali kilichofunikwa kisubiri wageni. Wakati wa vita liliungua, likarudishwa kwa bati. Saa ya juu haikuungua. Ilipiga kengele kila nusu saa na sauti yake ilifika hadi chini ardhini, tulikuwa hatuhitaji saa za mkononi.

Jukwaa la tatu lilikuwa upande wa mto, la chini kuliko yote. Mto ukijaa, maji yalishuka kwa ngazi zake na kuingia njia ya chini. Kwa sababu hiyo tawi la njia linaloelekea huko liliwekewa lango la chuma, ili likishushwa stesheni nzima isizame. Jumapili moja ya Septemba 1953 kilikuja kimbunga. Lango likashushwa. Paa la jukwaa na ukingo wa mto vikaangukia ngazi, matope yakajaa, na kampuni ikaona ni nafuu kujenga ukuta kuliko kuchimbua. Ndiyo hadithi yote ya namba tatu.

Kuhusu kukagua usiwe na wasiwasi. Sisi watu wa reli tunafanya kazi kwa jicho, kidole na mdomo. Unatazama kitu, unakinyooshea kidole, unatamka kwa sauti hali yake, na kilichotamkwa kinaandikwa kitabuni. Siku ile tawi lilikaguliwa na likatamkwa. Njia ilikuwa imenyooka, na mtu aliyesimama langoni aliona mpaka mwisho wake. Hapakuwa na mtu.

Karatasi nimeipiga muhuri, hii hapa. Ukuta uache ulivyo mpaka hao wa zege waje.

Kanezaka Yasuji

*

Tonose, 16 Oktoba 1986

Mzee wangu Kanezaka,

Asante kwa karatasi na kwa chungu cha wali. Sasa kila nikilitazama kuba nasikia njaa.

Usinikasirikie, lakini ukuta sikuuacha. Nilitoboa tundu la kupita kidole, nikaingiza fimbo ya kupimia. Ilipenya tundu la kutu kwenye lango la chuma, ikaenda mita saba, ikagonga ukuta mwingine. Nikaipinda kuelekea kushoto, ikaendelea kwenda. Mzee, ile njia haikunyooka, ina kona. Mtu aliyesimama langoni asingeona mwisho wake hata kidogo. Nadhani miaka imekuchanganya, nami nimeichora kona jinsi ilivyo.

Kuna jambo jingine, na nakuomba usinicheke. Tangu nitoboe tundu hilo, kila siku saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni, sauti ya mwanamume inatoka nyuma ya ukuta. Si usiku wa manane, ni wakati wanafunzi wanarudi nyumbani na njia imejaa watu. Siku ya kwanza nilidhani ni kipaza sauti cha jukwaani. Siku ya pili niliweka sikio kwenye tofali. Ni kijana, anatamka kama mnavyotamka ninyi watu wa reli: "Njia ya chini, namba tatu. Watu hakuna. Salama." Neno la mwisho analivuta kama wanavyovuta watu wa milimani. Halafu kimya, mpaka kesho yake.

Mzee Tsuneki anayefagia huko chini nilimuuliza kama anaisikia. Aliniambia anaisikia tangu aanze kazi, miaka kumi na tisa, ila zamani ilikuwa ndogo mno. Akaendelea kufagia. Yeye hufagia upande ule mapema, akamaliza kabla ya saa kumi na nusu.

Pia nimeukuta ubao wa ujumbe, ule mweusi ambao zamani watu waliandikiana kwa chaki. Ulikuwa stoo, nyuma ya viti vibovu. Bado una maandishi ya rangi juu yake: Andika saa uliyoandika, ujumbe hufutwa ukitimiza muda wa saa sita. Niliufuta vumbi nikaupeleka ofisini. Siku za mvua, ubao ukinyonya unyevu, alama za chaki zinajitokeza katikati. Sijaweza kuzisoma. Mafundi wanasema ni chaki iliyokandamizwa na mkono mzito, imekula rangi. Huenda.

Nani alikagua siku ile, Mzee? Ningependa kumwandika jina pembeni ya ramani.

Chizuru

*

Oshigawa, 20 Oktoba 1986

Binti,

Hayo ni mabomba. Stesheni kongwe ina mabomba kila mahali na hewa hupiga kelele ndani yake. Huyo Tsuneki nakumbuka alikuwa mnywaji.

Ubao ufute kwa maji na sabuni. Tundu lizibe kwa simenti. Malizia ramani, mpe bosi wako, uende ukachore majengo mengine. Una umri wa kutafuta mchumba, si wa kuweka sikio kwenye tofali.

Jina la aliyekagua halisaidii ramani.

Kanezaka

*

Tonose, 29 Oktoba 1986

Mzee Kanezaka,

Barua yako ilinikera, nikanyamaza siku kadhaa. Sasa nakuandika kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Jumapili nilikula kwa Mama. Nikamsimulia habari za sauti, kwa kumchekesha tu, maana Mama yangu ni mgumu kucheka. Aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akauliza: "Saa ngapi?" Nikamwambia. Hakula tena.

Lazima nikueleze mambo ya nyumbani kwetu. Mama ana dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, Mama Mkubwa Fumi, mpiga simu wa posta. Kwetu jina hilo halitajwi bila kusonya. Siku ya kimbunga hicho hicho cha 1953, Mama akiwa na miaka kumi na saba, alikuwa anarudi kwa treni kutoka mji wa jirani. Walikuwa wamekubaliana dada yake aje kumpokea stesheni na koti la mvua. Treni ikakwama njiani, Mama akalala kwenye behewa, akafika asubuhi ya Jumatatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa ujumbe, kwa kuwa dada yake asingeondoka bila kuandika. Ubao ulikuwa umefutwa, hauna hata herufi. Wiki hiyo hiyo muuza biskuti mmoja kutoka Osaka alihama mjini ghafla, na majirani wakajumlisha moja na moja. Ikasemwa Fumi ameondoka naye.

Bibi yangu hakuamini. Kila mlo aliandaa sinia la mtu asiyekuwepo, wali, supu na kipande cha samaki, kama tunavyomwandalia aliye safarini ili asife njaa huko aliko. Bibi alipofariki, Mama akaendelea kuliandaa. Ila Mama huliandaa huku anagomba. Hulisukuma sinia mbele ya mto wa kukalia usio na mtu na kusema, kula basi, mwizi wa maneno, hata kwaheri hukuniandikia. Nimelelewa nikisikia hivyo. Miaka thelathini na mitatu Mama amemchukia dada yake kwa kutoachiwa neno moja, na chuki hiyo imemla yeye mwenyewe, hana rafiki, na baba yangu alichoka akaondoka.

Jumatatu nilimleta stesheni. Saa kumi na dakika hamsini na mbili sauti ikatoka. Mama alisimama kama mti. Kisha akasema: "Ni yule wa dirishani." Anasema baada ya kimbunga alikwenda mara tatu kwenye dirisha la vitu vilivyopotea, akamuuliza mfanyakazi wa pale kama njia ya chini kulikuwa na mtu. Kijana wa milimani, mara zote tatu alimjibu kwa maneno hayo hayo, na mwisho wake anauvuta.

Leo mvua imenyesha. Ubao umejitokeza zaidi. Neno la kwanza nimelisoma. Ni "Mitsue."

Mitsue ni Mama. Kabla ya kuolewa aliitwa Otowa Mitsue. Anataka kujua jina la yule wa dirishani. Nilimwangalia usoni nikamwambia silijui, na huo ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu nikiwa mtoto. Karatasi yenye muhuri wako bado iko mezani kwangu, sijaipeleka kwa Bwana Oguri. Nijibu, Mzee. Zege linakuja tarehe 28.

Chizuru

*

Oshigawa, 8 Novemba 1986

Binti wa Otowa Mitsue,

Karatasi ile ichane. Barua hii mpe Bwana Oguri, mpe polisi, halafu mpe mama yako. Jina langu mwambie.

Aliyekagua ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo, msaidizi wa stesheni masta alikuwa ananifokea kutoka juu kwamba nizamishe stesheni nzima au nishushe lango. Sheria ilikuwa niende hadi kwenye kona, nitazame benchi lililoko nyuma yake, ninyooshe kidole, nitamke. Nilisimama langoni. Nilinyoosha kidole kwenye giza na kutamka watu hakuna, salama. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Jicho halikwenda. Nikashusha lango, ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na mbili.

Mpaka hapo ungeweza kuniita mzembe, na mzembe husamehewa. Ngoja nimalize.

Saa kumi na moja na robo nilipita mbele ya ubao. Pameandikwa: "Mitsue, nakusubiri njia ya chini, kona ya namba tatu. Nina koti lako la mvua. Saa kumi na nusu. Fumi." Nilisoma mara mbili. Nilijiambia bila shaka aliondoka kabla sijafika, nimeshatamka hakuna mtu, na stesheni masta ameshaandika kitabuni. Hujakulia katika reli, binti, hutaelewa. Kwetu kilichotamkwa kwa kidole ndicho kilichopo. Kukirudisha nyuma ilikuwa kusema kwamba kidole changu kilidanganya, na mtu ambaye kidole chake kimedanganya hapewi hata ufagio. Kwetu tulikuwa watoto saba na mimi pekee nilikuwa na mshahara. Nasema hivyo sijitetei, nasema kwa kuwa ndivyo nilivyojiambia.

Muda wa saa sita ulipotimia, saa nne na nusu usiku, nilichukua kitambaa nikaufuta ujumbe. Ilikuwa sheria. Nilikandamiza sana.

Asubuhi nilisikia chuma kinagongwa huko chini. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nikasema ni mbao zinaelea. Pampu zikawashwa na sikusikia tena. Mama yako akaja dirishani, msichana ameloa, ananiuliza kwa heshima. Nilimjibu ulivyosikia. Akaja tena alasiri, na kesho yake tena. Mainjinia nao wakaniuliza kama tawi lilikaguliwa kabla ya kujenga ukuta. Nikawaonyesha kitabu.

Kona uliichora sawasawa. Nilikuambia njia imenyooka kwa sababu kwa miaka thelathini na mitatu nimeiota imenyooka.

Na sauti nimeijua tangu barua yako ya kwanza kuhusu jambo hili. Ni yangu. Lafudhi ile niliipoteza zamani, mjini walikuwa wakinicheka, lakini kumbe yenyewe haikupotea.

Ukuta ukifunguliwa nitakuja. Kofia na glavu zangu bado ninazo.

Kanezaka Yasuji

*

Oshigawa, 25 Novemba 1986

Binti Chizuru,

Niliondoka siku ile ukuta ulipofunguliwa bila kukuaga. Usione vibaya, sikuweza kukuaga. Tangu pale ukutani sauti yangu haijarudi. Si kwamba imekauka, haipo. Naifungua midomo, hewa inatoka, basi. Daktari wa wilaya amenichungulia kooni kwa taa, akasema koo langu ni zima kuliko lake. Ananishauri nipumzike.

Naandika ili mambo niliyoyaona yabaki mahali. Wewe ulikuwa nyuma yangu na mama yako nyuma yako, na polisi walikuwa wametuzuia, kwa hiyo hukuona yote.

Matofali yalipoondolewa na lango likapandishwa, nilivaa glavu. Nilitembea kwenye matope makavu mpaka kwenye kona, hatua kumi na moja. Ni hatua kumi na moja tu, binti, nilipokuwa kijana ningezimaliza kwa pumzi moja. Nyuma ya kona sakafu inainuka kidogo, matope hayakufika huko. Alikuwa ameketi kwenye benchi. Koti la mvua lilikuwa juu ya magoti yake, limekunjwa vizuri kama limetoka dukani.

Ukutani, karibu na bega lake, alikuwa ameandika kwa chaki. Bila shaka alikuwa amechukua kipande kwenye ubao. Alikuwa gizani, herufi zimepandiana. Ujumbe ni ule ule: Mitsue, nakusubiri, nina koti lako la mvua. Ameuandika mara nne, na kila mara ameweka saa. Jumapili saa nne na nusu usiku. Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri. Saa nne na nusu asubuhi. Saa kumi na nusu jioni. Alikuwa anaisikia kengele ya saa kule juu. Alijua ujumbe hufutwa ukitimiza muda wa saa sita, basi kila ulipotimia aliuandika upya, mdogo wake asije akaukosa.

Mama yako alikuja dirishani kwangu Jumatatu saa nne asubuhi, kisha saa tisa alasiri. Dirisha langu lilikuwa juu ya kona ile. Sijui kama umeshalinganisha saa hizo. Yeye ninaamini ameshalinganisha.

Nilitazama safari hii. Nilitazama mpaka macho yakauma. Kisha nikanyoosha kidole nikatamka, na hilo mlilisikia wote: "Njia ya chini, namba tatu. Mtu yupo." Ndiyo maneno ya mwisho niliyotoa.

Polisi wamesema kwa jambo la zamani kiasi hiki hakuna hakimu atakayenisikiliza. Ningependa angekuwepo. Mwambie mama yako kwamba nimemtumia figili. Kama atazitupa ni haki yake. Siwezi kumwomba radhi kwa mdomo, na kwa kalamu naona aibu.

Kanezaka Yasuji

*

Tonose, 14 Desemba 1986

Bwana Kanezaka Yasuji,

Binti yangu aliniambia niache kukuandikia mpaka hasira ipoe. Nina miaka hamsini na haijapoa hata siku moja, kwa hiyo naandika sasa.

Dada yangu tumemzika tarehe 6, kando ya mama yetu. Sinia la mtu wa safarini nimeliondoa, sasa naweka wali wake mdogo kwenye madhabahu ya nyumbani kama wa marehemu wengine. Siku ya kwanza niliinama nikaomba radhi kwa kila tusi, nilianza asubuhi, na hadi jioni nilikuwa sijafika hata mwaka 1960. Koti la mvua ninalo. Limenibana mabegani, lakini mvua ikinyesha nalivaa na watu wanaotaka kucheka wacheke.

Saa hizo nimelinganisha. Sitakuambia nilifanya nini baada ya kulinganisha.

Figili zako ziliwasili. Nilitaka kuzitupa mtoni. Fumi alipenda figili za milimani, basi nimemwekea yeye. Usidhani ni kwa ajili yako.

Ninalotaka kukuambia ni hili, maana Chizuru anaogopa kukuandikia. Ukuta ulijengwa upya, na zege likamiminwa nyuma yake tarehe 28 kama lilivyopangwa. Nyuma ya ukuta hakuna uwazi tena, hata panya hapati pa kupita. Kesho yake, saa kumi na dakika hamsini na mbili, mafundi walikimbia wakaacha vyombo. Sauti ya kijana haipo tena. Imekuja nyingine, ya mzee, inatoka ndani ya zege lenyewe na ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Inasema: "Njia ya chini, namba tatu. Mtu yupo." Kila siku. Tsuneki sasa anafagia upande ule saa hiyo hiyo na anavua kofia ikipita.

Kwa hiyo sauti yako haikupotea, Bwana Kanezaka. Iko huku. Nimemsikia Chizuru akimwambia bosi wake kwamba pengine ukuta ukivunjwa utaweza kusema tena. Nimemkataza asiguse tofali moja.

Mara tatu nilikuja dirishani kwako, nikainama, nikakuuliza, na neno ulilonipa nimeishi nalo miaka thelathini na mitatu. Sasa nakuja kila jioni, nasimama mbele ya ukuta, nalisikia hili la pili. Nimehesabu. Nikilisikia kwa miaka mingine thelathini na mitatu nitakuwa na miaka themanini na mitatu, na kwetu wanawake huishi sana. Wewe ukitaka kufa kabla ya hapo, kufa, mimi sikuzuii. Lakini sauti iache hapa.

Juzi nilichelewa, basi la mjini lilikwama kwenye theluji. Nilifika saa kumi na moja kasoro dakika mbili, nikadhani nimeikosa. Tsuneki akaniambia bado, mama, leo haijasema. Nikasimama mahali pangu na kufungua vifungo vya koti. Ndipo ikasema.

Ilikuwa inanisubiri.

Hirasawa Mitsue, wa kwa Otowa